Baba Anangoja Chaji

Baba yangu aliniambia jambo moja kabla hata nyuzi za jeraha lake hazijatolewa. Alisema atarudi nyumbani akiwa amekaa, si amelala. Alikuwa kitandani hospitalini hapa Thika, nyonga imefunguliwa na kushonwa, midomo imemkauka, nami nikamkemea. Nilimwambia aachane na maneno hayo, mgonjwa hasemi hivyo. Lakini nilimwelewa. Sisi watu wa Western tunaoishi huku tunawajua wazee waliokuja Thika kutibiwa, wakakaribishwa vizuri na watoto wao, halafu wakasafirishwa kwao ndani ya sanduku huku tumefuata nyuma tukiimba. Kanisani kwetu Kamenu matangazo ya namna hiyo hayaishi.

"Nitakupeleka mimi mwenyewe," nikamwambia. "Na gari langu. Utakaa mbele."

"Sawa, Mama," akasema. Baba huniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Ni jina linalonifunga mdomo kila tunapogombana, na tunagombana sana.

Kurudi na basi hakukutaka. Basi ndilo lililomleta, kutoka kwetu upande wa Luanda, mji mdogo mbele ya Kisumu, hadi Nairobi, amekunja mguu siku nzima kwenye kiti cha dirishani, na alishuka akilia mbele za watu. Hilo halisahau. Kukodi gari la petroli kwa safari kama ile hakukuwa kwa watu kama sisi. Na hata kungekuwa, alikuwa ameshawapigia simu wazee wenzake kanisani nyumbani akawaambia binti yake ana gari lisilo na kelele, na kwamba watamwona akiingia nalo. Akishasema kitu kanisani, basi kimekwisha.

Gari lenyewe ni la stima. Nilipoacha kazi ya kiwandani niliweka kila kitu changu hapo, nikawa dereva wa teksi, na asubuhi nawapeleka watoto wa wateja shule. Lilikuwa limetumika Japani kabla ya kuja kwangu, lakini lilikuwa safi, na nililipenda mpaka nikaona aibu. Kwenye dashibodi lina vipimo viwili vya betri, na watu wengi huangalia kimoja tu. Kile kikubwa kinaonyesha umebakiwa na chaji kiasi gani. Hicho hupanda na kushuka kila siku. Pembeni yake kuna safu nyembamba ya visanduku vidogo, na hiyo inaonyesha betri yenyewe bado inaweza kubeba kiasi gani. Hiyo haipandi. Nilipolinunua, kisanduku cha juu kabisa kilikuwa kimeshazimika, na aliyeniuzia akasema ni kitu kidogo, nisisumbuke.

Shida yangu ilianzia nyumbani. Ninaishi ghorofa ya pili kwenye ploti moja ya nyumba za kupanga, Kamenu. Gari langu linalala chini, kando ya kamba za nguo. Gari la stima hupenda kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, polepole, usiku kucha, kama simu. Wiki ya kwanza nilishusha waya mrefu kutoka dirishani kwangu hadi chini. Asubuhi nikaukuta umekunjwa vizuri mlangoni kwangu, na keateka, mwangalizi wa ploti, amesimama kando yake mikono nyuma.

"Mama, hiyo hapana," akasema. "Nimeambiwa hapana."

Nikapanda gari nikaenda Gitothua, Ruiru, anakoishi mwenye ploti. Ni mama mzee wa Kikuyu, wapangaji wote tunamwita Cucu, yaani nyanya. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai ya maziwa na ngwaci, vile viazi vitamu, akaniuliza hali ya baba, akasikitika kwa dhati. Halafu akanikatalia. Alisema zamani mpangaji mmoja alikuwa anachomelea madirisha chumbani kwake kwa siri, waya zikaungua, na nusu ya ploti ikalala gizani na nguo zikinuka moshi.

"Nikikubalia wewe, kesho yule wa chini ataniletea mashine ya kusaga," akasema. "Mita ni yako, sikatai. Lakini waya za ndani ya ukuta ni zangu."

"Cucu, ni polepole tu. Haitumii nguvu hata."

"Hata yule aliniambia polepole." Akaniongezea chai.

Nilikunywa ile chai nikiwa na hasira, na kitu kibaya ni kwamba alikuwa na haki. Nimeziona zile waya. Nilirudi Kamenu nikajua kwamba kuanzia siku hiyo gari langu litakula kwenye kituo cha chaji ya haraka kule Ruiru, mchana, kwenye foleni, kila siku nitakayofanya kazi. Na kazi ilikuwa kila siku.

Chaji ya haraka ni kitu kitamu mara ya kwanza. Unafika betri ikiwa karibu kuisha, unachomeka ile kebo nzito inayotaka mikono miwili, unaenda kununua chapati, ukirudi gari liko tayari. Nilijiona mjanja. Niliwacheka wenye magari ya petroli. Lakini betri ya gari langu iko chini ya viti, imefungiwa kwenye sanduku la chuma, na haina feni wala maji ya kuipoza. Moto ukiingia mle unakaa. Ukiipa chaji ya haraka saa saba mchana, jua la Ruiru likiwa juu na lami ya Thika Road ikitoa mvuke, halafu ukaingia barabarani moja kwa moja kubeba wateja, halafu ukarudi jioni kuipa tena, ile betri haipoi. Kuna kipimo cha joto pale mbele. Nilikiona kikikaa upande wa juu wiki nzima, nikakizoea.

Kisanduku cha pili kilizimika asubuhi moja nikimpeleka nesi kazini. Hakikulia, hakikuwaka nyekundu. Kilikuwepo jana, leo hakipo. Nilisimamisha gari kando, nikazima, nikawasha tena. Nesi akaniuliza kuna nini, nikamwambia hakuna. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya safari ya nyumbani kichwani, na pabaya palikuwa mahali pamoja tu. Kutoka Nakuru kwenda Kisumu hakukuwa na kituo chenye plagi ya gari langu. Ule mwanya nilikuwa nauweza betri ikiwa kamili. Kila kisanduku kikizimika, Kisumu inasogea mbali.

Nyumbani Baba alikuwa ameshatoka hospitali. Alilala sebuleni kwangu, kwenye kochi lililofunguliwa likawa kitanda. Dirisha la sebule linatazama ukuta wa ploti ya jirani, na ukichungulia chini kabisa unaona paa la gari langu. Hiyo ndiyo ilikuwa dunia yake. Ngazi zetu ni nyembamba na hazina pa kushika, kwa hiyo kumshusha kulihitaji watu, na alichukia kushikwa shikwa na vijana asiowajua. Alishuka Jumapili kwenda kanisani na siku za kliniki tu. Siku nyingine zote aliketi dirishani na fimbo yake, akitazama lile paa, na nikiingia mlangoni swali lilikuwa lile lile.

"Limeshiba?"

"Bado, Baba."

Alikuwa anauliza kuhusu gari kama mtu anayeuliza kuhusu ng'ombe. Mwanzoni nilicheka. Baadaye lile swali lilianza kunichoma. Nilikuwa narudi nimechoka, nimetukanwa foleni, nimekaa kwenye kituo cha chaji nikipigwa na jua, halafu nafungua mlango wangu mwenyewe naulizwa limeshiba. Siku moja nilimjibu vibaya. Nilimwambia kama ana haraka ashuke akalisukume. Aligeukia dirisha mpaka chakula cha jioni, halafu akaomba chumvi, na nikajua amenisamehe, na nikajisikia vibaya zaidi.

Sitasahau namna zile kuta zilivyotukaribia miezi ile. Mimi nilikuwa nazunguka kutwa, Kamenu, Kiandutu, mjini, Juja, Ruiru, lakini ni mzunguko ule ule, na ulikuwa unapungua. Hapo nyuma nilikuwa naweza kumpeleka mteja hadi uwanja wa ndege na kurudi bila wasiwasi. Ikafika mahali mteja akisema uwanja wa ndege naangalia dashibodi kwanza. Halafu ikafika mahali nakataa. Betri iliyopungua inaisha mapema, kwa hiyo unaenda chaji mara nyingi zaidi, na chaji ni ile ya haraka, inayoichoma, kwa hiyo inapungua tena. Nililijua hilo. Nililiona kwa macho yangu. Lakini ningefanya nini? Nikipumzisha gari, hatuli. Nikilifanyisha kazi, nalimaliza. Nilikuwa nakaa pale Ruiru nikilitazama likinguruma chini ya kebo na nilitamani kulipiga teke.

Wenye foleni hawakunipenda. Chaji ya haraka huenda kasi mpaka betri ikaribie kujaa, halafu inaanza kutambaa, na mtu mwenye adabu huchomoa hapo akampisha mwingine. Mimi nilikaa mpaka ijae kabisa. Wananipigia honi, nimekaa. Kijana mmoja mwenye gari jipya alikuja dirishani akaniambia, "Mathe, hapo umefika, hiyo imebaki ni ya show tu." Nikamwambia yeye kwao ni Ruiru, hajui mtu anayetoka mbali anabeba nini. Hakuelewa, na kwa nini aelewe. Kile kipande cha mwisho ndicho kilichokuwa tofauti ya kumfikisha mteja wa mwisho na kurudi kwangu. Na kujaza vile, betri ikiwa imechemka, nilikuwa naiumiza tu zaidi.

Daktari aliporuhusu safari, sikungoja. Shule zilikuwa zimefungwa kwa siku chache, nikamshusha Baba alfajiri ya Jumamosi na vijana wa kanisa, nikamkalisha mbele, kiti kimelazwa nyuma kidogo, mto chini ya nyonga. Alikuwa amevaa suti. Nilimwambia ni safari ndefu, avae sweta, akakataa. Tulichaji Ruiru, tukachaji Naivasha, tukapanda tukafika Nakuru, na njia nzima alikuwa anaongea. Alinitajia mpaka jirani atakayekuwa wa kwanza kuja kuona gari.

Nakuru ndiko lilikotushinda. Betri ilikuwa imechajiwa kwa haraka mara mbili asubuhi ile, imepanda milima, na kipimo cha joto kilikuwa kwenye nyekundu. Nikachomeka. Ile mashine ya haraka ikaanza kutoa chaji kidogo kidogo, kwa sababu gari lenyewe likishachemka hukataa, linajikinga. Tulikaa. Nikanunua mahindi ya kuchoma, tukala. Tulikaa tena. Watu walikuja baada yetu kwa magari mengine, wakamaliza, wakaenda. Mwishowe lilipojaa, kile kipimo cha umbali kikanipa namba isiyofika Kisumu. Haikufika hata karibu. Nilizima nikawasha, kama mjinga, na ikawa ile ile.

Baba alikuwa ananitazama. Yeye hajui kusoma kile kipimo, lakini mimi ananisoma vizuri.

"Halifiki," akasema.

"Halifiki, Baba."

Akatazama barabara inayokwenda magharibi. Malori yalikuwa yanapita.

"Basi niache hapa," akasema. "Angalau nimesogea."

Nililia. Nililia mbele ya mashine, mbele ya watu wanaouza maji, sikujali. Halafu nikageuza gari, kwa sababu dawa zake zilikuwa Thika, kitanda chake kilikuwa Thika, na Jumatatu nilikuwa na watoto wa kupeleka shule. Vijana walipompandisha ngazi, alivua koti la suti akalikunja mwenyewe, akaniomba nilirudishe kabatini.

Baada ya hapo hakuuliza tena kama limeshiba. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Alikuwa anakaa dirishani lakini hatazami chini. Alianza kusema nyimbo anazotaka, na nani asimamie ibada. Nilimwambia anyamaze. Niliwahi kumpigia kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Nikalipeleka gari kwa fundi mmoja wa Gitothua, mtu wa maneno mengi, anayetengeneza magari ya stima na anayeamini hakuna asichokijua. Siku hiyo nilikuwa na Baba, nimemtoa kliniki, yuko mbele anasinzia. Fundi akachomeka kidude chake chini ya usukani, akatazama simu, akapiga mluzi.

"Madam, wewe umelinywesha hii gari uji wa moto kila siku na hujawahi kungoja upoe," akasema. "Chaji ya haraka sio mbaya. Ukipiga mara moja moja ukienda safari, sawa. Lakini kila siku, na hii jua, na unajaza mpaka juu? Hapana. Umelichoma."

"Nini kitarudisha visanduku?"

"Hakuna. Kilichoenda kimeenda." Halafu, kwa kuwa hawezi kukubali kwamba kuna kitu kimemshinda, akaniambia nijaribu kuliendesha mpaka liishe kabisa, betri ijikumbuke. Nililijaribu hilo wiki iliyofuata, likanizimikia Juja katikati ya bampu mbili, nikavutwa na trekta ya kubeba nyasi. Betri haikukumbuka chochote. Nilipompigia simu akacheka mpaka nikakata.

Lakini siku ile gereji alisema jambo jingine, nami nusura nisilisikie. Alisema, "Hii iliyobaki inaweza kukaa miaka. Ipe tu soketi ya ukuta. Polepole, usiku, iwe baridi. Hata uende nayo Western, bora ulale njiani kila penye soketi."

"Nitalala wapi njiani, hoteli?" nikamuuliza kwa ukali.

Ndipo Baba akafungua macho.

"Naivasha yuko mtoto wa dada yangu," akasema. "Yule wa maua. Ana stima."

Tukageuka wote wawili kumtazama.

"Nakuru yuko yule mama aliyekuwa jirani yako ulipoishi Kiandutu, aliyekuwa anaimba sauti ya tatu. Kericho yuko mtoto wa ndugu yangu, anachuma majani chai, nyumba za kampuni zina stima. Kutoka Kericho ni kuteremka tu mpaka kwetu." Akainyoosha fimbo yake, akaigonga dashibodi kidogo. "Watu wetu wote walikwenda kutafuta kazi kwenye hii barabara. Unafikiri hawana ukuta?"

Niliona aibu, halafu nikakasirika kwamba nimeona aibu, halafu nikacheka. Mimi nilikuwa natafuta vituo. Nilikuwa na ramani ya vituo kwenye simu, naifungua hata kanisani. Sikuwahi kufikiria kwamba barabara yote ile, kuanzia mashamba ya maua hadi mashamba ya chai, imejaa watu wa kwetu kwenye vyumba vyao vya kazini, kila mmoja na soketi yake moja nyuma ya redio.

Tulingoja likizo ya shule, wateja wangu wakaenda kwao, tukaondoka tena. Hakuvaa suti safari hii. Aliibeba magotini.

Naivasha tulifika mchana. Binamu yangu alitoka zamu yake kwenye vibanda vya maua mikono ikinuka dawa, akapitisha waya dirishani, na mstari mzima wa nyumba ukaja kutazama gari linalokula stima ya kawaida. Baba akakalishwa nje kwenye kiti, akachinjiwa kuku, akaombea watoto wasiohesabika. Asubuhi nilipowasha, betri ilikuwa imejaa na kipimo cha joto kimelala chini kabisa, mahali ambapo sikuwahi kukiona tangu ninunue gari. Nilikaa tu nikakitazama.

Nakuru tulilala kwa yule mama wa sauti ya tatu, wakaimba na Baba. Hatukupita hata karibu na kile kituo. Kericho stima ilikuwa dhaifu, inapotea na kurudi, na tulikaa siku ya ziada kungoja. Mimi nilikuwa natembea huku na huku kwenye mistari ya chai nikipiga simu kwa wateja. Baba alikuwa amekaa kibarazani na kikombe. Kila nyumba tuliyolala alionekana mwenye nguvu kidogo zaidi, na alianza kuuliza tena lile swali lake, "Limeshiba?" nami nikajibu "Bado," na kwa mara ya kwanza halikuniuma.

Kabla ya kufika sokoni Luanda aliniambia nisimamishe. Alivaa koti la suti, akafunga vifungo, akainyoosha tai kwenye kioo cha pembeni.

"Sasa nenda," akasema. "Lakini punguza."

"Baba, niko polepole."

"Punguza tena. Haina kelele, wasipotuona hawatatusikia."

Tulipita soko lote kwa mwendo wa mtu anayetembea. Watu walisimama. Alikuwa anapunga mkono, ameketi wima, mgongo hauguzi kiti, na mimi nilikuwa nashindwa kuona barabara kwa machozi. Langoni mke wa kaka yangu alipiga vigelegele, wazee wakaja, wakalizunguka gari wakilipapasa. Alikuwa amefika nyumbani akiwa amekaa. Niliposhika mkono wake kumshusha, alinong'ona, "Asante, Mama," na huo ndio ulikuwa mwisho wa mzigo wangu, nikadhani.

Nyumba ya Baba ina soketi moja, sebuleni, chini ya kalenda ya kanisa, karibu na kiti chake. Nilipitisha waya dirishani hadi kwenye gari chini ya mparachichi. Nilimwambia shule zinafunguliwa, wateja wananingoja, likijaa naondoka. Akasema sawa.

Asubuhi lilikuwa limepanda kidogo sana. Nikalaumu stima ya kijijini. Asubuhi iliyofuata hivyo hivyo. Nikalaumu waya, nikanunua mwingine sokoni. Wateja walianza kunitumia ujumbe kwamba wametafuta dereva mwingine wa muda. Nilikuwa nimeanza tena kuhisi ile hali ya Kamenu, kuta zikinisogelea, ila hapa kulikuwa na migomba badala ya kuta. Nikamwuliza mke wa kaka yangu kama stima hupotea usiku, akasema hapana, taa yake ya kuku haijazimika hata mara moja.

Kwa hiyo siku iliyofuata niliamka kukiwa kunapambazuka, nikaingia sebuleni bila viatu. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake, blanketi mabegani, fimbo katikati ya magoti. Plagi ya gari langu ilikuwa mapajani mwake.

"Baba."

"Mama."

"Unafanya nini?"

"Nalipumzisha." Hakuificha. Aliishika tu, kwa mikono yote miwili.

"Kila siku?"

"Nikiamka kusali, nalichomoa. Kukipambazuka vizuri, narudisha." Akaitazama ile plagi. "Si yule fundi alisema haraka ndiyo iliyolimaliza? Mimi nilikuwa nimesikia. Sikuwa nimelala."

Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Yalikuwa makali, na yote yalikuwa ya kweli. Kodi ya Cucu, wateja, kazi. Lakini nilimwona pale dirishani, amekaa vile vile alivyokaa kwangu miezi yote ile, anatazama paa la gari.

Nikatoka nje, nikakanyaga umande mpaka kwenye gari, nikafungua mlango nikaketi. Nikawasha. Betri haikuwa imejaa, lakini ilikuwa na chaji ya kunifikisha Kisumu, na Kisumu kuna mashine ya haraka. Ningekunywa chai na kuondoka. Jioni ningekuwa nimefika Kericho.

Nilipozima na kushuka, Baba alikuwa amefungua dirisha.

"Limeshiba?" akauliza.

"Bado, Baba," nikasema. "Bado sana."